Mpango wa maafa katika hospitali ya wilaya: uandikwe nini kwa ajili ya zamu ya usiku, na watumishi watunzwe vipi baadaye?

Mfawidhi wa Barabarani

Ndugu zangu wa sekta ya afya, salaam.

Mimi ni muuguzi mfawidhi wa kitengo cha dharura katika hospitali ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu, ambako mabasi ya mikoani na malori ya mizigo hupita usiku kucha. Uongozi umenikabidhi kazi ya kuandika upya mpango wa kukabiliana na maafa, na kabla sijaanza ningependa kuwasikia watu waliowahi kuupitia mtihani huu. Mpango tulio nao ni kitabu kinene kilichonakiliwa kutoka hospitali kubwa zaidi ya yetu. Kimefungiwa katika kabati la ofisi ya utawala, na ufunguo huondoka na mwenyewe saa za kazi zinapokwisha. Ndani yake wametajwa kamanda wa tukio, ofisa habari, mratibu wa vifaa na wengine wengi. Usiku hapa kwetu wapo tabibu mmoja, wauguzi wawili wa dharura, wauguzi wa wodini ambao hawawezi kuwaacha wagonjwa wao, mtaalamu wa maabara anayeitwa kutoka nyumbani, dereva wa gari la wagonjwa na mlinzi wa getini. Nikivigawa vile vyeo, mlinzi atakuwa na vitatu.

Miezi kadhaa iliyopita tulipokea majeruhi wa ajali ya basi usiku wa manane. Kazi ilifanyika, tena vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini waliokuwa zamu waliendelea kufanya kazi hadi jioni ya siku iliyofuata kwa sababu hakuna aliyejua ni nani mwenye mamlaka ya kuwaambia waende wakalale. Tangu hapo mmoja wao ameomba uhamisho. Mwingine, binti aliyeajiriwa karibuni, hapati usingizi na hushtuka anaposikia honi ya basi. Uongozi umependekeza semina ya siku moja kuhusu ustahimilivu. Siipingi semina, ila naona tunataka kumfundisha mtu kubeba mzigo ambao tungeweza kuupunguza kabla haujamfikia.

Naomba basi ushauri wa mambo mawili: mpango wa hospitali ndogo uwe na nini ili mtu aweze kuutumia saa nane za usiku, na hospitali iwafanyie nini watumishi wake baada ya tukio.

---

Daktari wa Majeruhi, Dar es Salaam

Dada Mfawidhi, kitabu kile kiache kabatini kwa ajili ya wakaguzi. Andika ukurasa mmoja, uufunike kwa plastiki, uubandike ukutani mahali ambapo muuguzi anayepokea wagonjwa anaweza kuusoma akiwa amesimama. Uanze na jambo ambalo mipango mingi huliacha gizani, yaani nani ana ruhusa ya kutangaza kwamba hali si ya kawaida tena. Kwenu awe ni mtumishi yeyote wa afya aliyepo mapokezi usiku huo, bila kumtafuta kwanza mganga mfawidhi kwa simu. Ikidhihirika baadaye kwamba majeruhi walikuwa wawili tu, asilaumiwe. Mtumishi aliyelaumiwa mara moja kwa kutangaza mapema, mara ya pili atasubiri mpaka korido ijae.

Jambo la pili ni mpangilio wa mapokezi. Katika ajali nyingi wanaofika kwanza hospitalini ni wenye majeraha madogo, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kupanda bodaboda au kudandia gari lililosimama. Wakiingia wanajaza vitanda, wanajaza macho ya wauguzi kwa damu ya michubuko, na nusu saa baadaye analetwa mtu aliyebanwa chini ya viti hakuna hata pa kumlaza. Nairobi iliyaona hayo kwa ukubwa wa kutisha tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani. Waliofariki walikuwa zaidi ya 200 na waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu, wengi wao wakifikishwa hospitalini kwa matatu, mabasi na magari ya watu binafsi, bila yeyote kuamua nani aende hospitali ipi. Wengi waliumia macho kwa vioo, kwa kuwa walisogea madirishani kutazama baada ya kusikia kishindo cha kwanza.

Kwa hiyo chagueni leo, mchana kweupe, mahali nje ya chumba cha dharura patakapowapokea wanaotembea: baraza la wagonjwa wa nje, hema, au hata chini ya mwembe, ilimradi pawe na taa. Kisha mwekeni mtu mmoja mlangoni, naye asitibu. Najua jinsi sharti hili lilivyo gumu, maana mkono wa muuguzi hukimbilia kidonda wenyewe. Kazi yake ni kuangalia na kupanga kwa rangi: nyekundu atibiwe kwanza, njano afuate, kijani anaweza kusubiri, nyeusi ni aliyefariki. Anayetembea apewe kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa apewe nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ambaye mapigo ya kifundo cha mkono hayasikiki, au ambaye hawezi kufuata agizo rahisi kama "nibane kidole", apewe nyekundu. Waliobaki ni njano. Mtu mmoja humalizika kwa chini ya dakika moja, na upangaji urudiwe, kwa sababu wa njano wa saa nane anaweza kuwa mwekundu wa saa tisa. Kadi za kununua si lazima. Vipande vya kitambaa cha rangi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Namba ya majeruhi iandikwe mkononi mwake, si kwenye karatasi itakayopotea pamoja na nguo zilizokatwa.

Naomba nikae kidogo kwenye majeraha ya moto, kwa kuwa umesema malori hupita hapo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Waliofariki walizidi 100, na makumi kadhaa kati yao hawakufia pale barabarani bali katika siku na wiki zilizofuata, wakiwemo waliokuwa wamehamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Sasa piga hesabu ya stoo yako. Kwa kanuni inayotumika sana, mtu mzima mwenye kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya mwili anahitaji dripu ya mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia, yaani mililita 9,600 katika saa 24 za kwanza, nusu yake ndani ya saa 8 zinazohesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika kwako. Hizo ni chupa karibu 20 za mililita 500 kwa mtu mmoja. Wakija 10 ni karibu chupa 200 kabla ya kesho usiku wa saa kama hizo. Nenda kahesabu chupa za dripu ya Ringer zilizopo, halafu uulize ufunguo wa stoo hulala wapi. Kwa maoni yangu swali hilo la ufunguo lina thamani kuliko sura nzima ya kitabu chenu.

Mazoezi nayo yasiwe ya bendera na wageni waalikwa. Fanyeni dakika 20 wakati wa kukabidhiana zamu. Mara nyingine pigeni simu tu, usiku, kwa kila aliye kwenye orodha ya kuitwa, na muandike nani alipokea, nani simu ilizimwa, nani amehama mkoa tangu mwaka juzi. Siku ya tukio lenyewe, namba ikipokelewa, iteni wote waje. Mikono haijawahi kuzidi.

---

Katibu wa Afya Mstaafu

Nakubaliana na Daktari, nami nitaongeza mambo ya ofisi ambayo wataalamu huyadharau.

Hospitali ya wilaya haiko peke yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kuna kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Hakikisha hospitali yenu imo kwenye vikao vya kamati ya wilaya, na kwamba namba za polisi wa usalama barabarani, Zimamoto na hospitali mnayotoa rufaa zimo kwenye ukurasa wenu, zikiwa ni namba za anayeshika zamu na si za mkubwa ambaye simu yake huzimwa akilala.

Pili, damu. Baada ya kila ajali kubwa wananchi humiminika kujitolea, na ni jambo jema, lakini damu inayomwokoa mtu katika saa za mwanzo ni ile iliyokwisha kupimwa na iliyo ndani ya friji kabla basi halijapinduka. Damu nzima hudumu takriban siku 35, hivyo uchangiaji upangwe mwaka mzima na usingoje msiba.

Tatu, chakula cha watumishi, mafuta ya jenereta na nauli za wanaoitwa usiku viwekewe kifungu katika bajeti. Visipokuwa na kifungu, vitatoka mfukoni mwa muuguzi, na safari ijayo hatapokea simu.

---

Muuguzi wa Kivu, Goma

Dada, pole na kazi. Nami nakushukuru kwa neno ulilosema kuhusu mzigo, kwa sababu huku kwetu tumelisema kwa miaka mingi.

Sikubaliani na Daktari katika jambo moja, na ninalisema kwa heshima. Usiite wote. Maafa ya huku hayaishi asubuhi. Ukiwaita watumishi wote saa nane za usiku, ikifika saa nane mchana unao watu wote waliochoka na huna hata mmoja aliyelala. Ukurasa wako uwe na makundi mawili yaliyoandikwa kwa majina. Kundi la kwanza liitwe mara moja. Kundi la pili lijulishwe kwamba kuna tukio, liambiwe lilale, na lipewe saa ya kufika. Katika kundi la pili awemo mtu mwenye mamlaka ya kuwaondoa wa kwanza, hata kama wanakataa, maana wazuri ndio wanaokataa.

Jambo la pili sijaliona katika majibu yaliyotangulia. Mtumishi wa afya naye ana nyumba. Mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye, tarehe 27, serikali ilipoamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe, watu kwa mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Muuguzi aliyekuwa wodini siku ile alikuwa pia mama wa watoto waliokuwa barabarani na vifurushi kichwani. Ukimwambia awe imara bila kumwambia watoto wako wapi, maneno yako hayana mahali pa kukaa. Anayeweza kufanya kazi ni yule aliyekwisha kupatana na jirani au shangazi kwamba likitokea jambo, watoto watachukuliwa na fulani, watapelekwa mahali fulani, na taarifa itatumwa kwa simu fulani. Sisi tunashauri kila mtumishi aandike mpango huo wa nyumbani kwa mistari michache, na nakala ibaki kwa mfawidhi. Simu ya kwanza katika zamu ya maafa, kama hali inaruhusu hata kidogo, iwe ya kwenda nyumbani.

Nitagusa usalama kwa ufupi. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu 2,287 walifariki, na katika miezi hiyo vituo vya matibabu vilishambuliwa zaidi ya mara moja. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Kwenu huenda hakuna bunduki, lakini ndugu wa majeruhi wasiopewa taarifa hugeuka kuwa umati wenye hasira. Mtu mmoja, hata karani, awe na kazi moja tu ya kuwaeleza kila baada ya muda mfupi yanayojulikana na yasiyojulikana bado. Mlinzi wako mwenye vyeo vitatu umpunguzie viwili.

---

Tabibu wa Kagera

Nachangia kidogo tu. Mkoa wetu umepitia tetemeko la Septemba 2016, ndege iliyoanguka Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba Novemba 2022, ambapo kati ya watu 43 waliokuwemo 19 walifariki, na mlipuko wa mwaka 2023 wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola.

Katika ajali ya ndege waliowahi kufika ni wavuvi wenye mitumbwi. Kwenu watakuwa bodaboda, mama lishe wa stendi na makondakta. Waalikeni hospitalini mara moja moja muwafundishe kubana jeraha linalovuja damu na kumwinua aliyevunjika bila kumkunja mgongo. Hawa hawaingii kwenye orodha ya watumishi, lakini kazi yao ndiyo inayoamua utampokea mgonjwa au maiti.

Marburg ilitufundisha jambo jingine. Ugonjwa ulipotangazwa tarehe 21 Machi 2023, mtumishi wa afya alikuwa tayari miongoni mwa waliofariki. Uganda nayo, katika Ebola iliyotangazwa Septemba 2022, ilishuhudia watumishi wa afya 19 wakiambukizwa na 7 kati yao wakifariki. Ugonjwa wa namna hii haupigi honi ukija. Huja kama homa ya kawaida, kwa mtu anayetapika, mikononi mwa muuguzi aliyeambiwa glovu zimebaki chache azitunze. Katika ukurasa wa Dada Mfawidhi pawepo mstari wa akiba ya glovu, barakoa na aproni isiyoguswa kwa matumizi ya kila siku, na mtu wa kuihesabu kila mwezi.

---

Mfawidhi wa Barabarani

Nawashukuru sana. Nimekwisha kuuliza kuhusu ufunguo wa stoo. Jibu nililopewa sitaliandika hapa. Hoja ya makundi mawili nimeipenda kwa sababu ndiyo hasa tuliyoikosa.

Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Miongoni mwetu wapo wanaosema kwamba baada ya tukio, kesho yake asubuhi, watumishi wote waketi pamoja na kila mmoja asimulie alichokiona na alivyojisikia, ili "atoe yaliyo moyoni". Je, ni utaratibu mzuri? Na yule binti nimfanyie nini sasa, miezi ikiwa imepita?

---

Muuguzi wa Afya ya Akili, Mombasa

Dada yangu, wengi hulipendekeza hilo kwa nia njema, na linahitaji tahadhari. Kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie upya ni utaratibu uliokuwa maarufu kwa muda mrefu, lakini utafiti haukuonyesha kwamba unazuia matatizo ya baadaye, na kuna watu uliowaongezea. Shirika la Afya Duniani haliupendekezi. Anayetaka kuzungumza asizuiwe. Asiyetaka asilazimishwe mbele ya wenzake, hasa mbele ya mkubwa wake wa kazi.

Kikao cha kazi ni jambo tofauti, nacho kifanyeni. Hapo huulizwa dripu ziliishia saa ngapi, simu ya nani haikupatikana, mlango upi ulizibwa, na kila jibu liandikwe pamoja na jina la atakayerekebisha. Mtumishi akiona kosa lililomtesa usiku ule limerekebishwa kabla ya mwezi kwisha, huwa amepata faraja ambayo semina haiwezi kumpa.

Siku zile za kwanza kinachofaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika hilo lilitolea mwongozo mwaka 2011: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Kwa lugha ya wodini, mtazame nani hajala, nani mikono inamtetemeka, nani anacheka kupita kiasi. Msikilize bila kumhoji. Mwunganishe na anachokihitaji, kiwe chai, usafiri wa kurudi nyumbani au simu ya mumewe. Hayo mfawidhi yeyote anaweza kujifunza, na pengine wewe umekwisha kuyafanya bila kuyapa jina.

Niseme na jambo moja ambalo sisi wenye funguo za kabati la dawa hatulipendi. Muuguzi asiyepata usingizi hujipatia mwenyewe Diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, au humwomba mwenzake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hausemi vizuri habari hiyo: dawa za kundi hilo zisitolewe kwa ajili ya kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Fuatilieni kwa upole, wala msilifanye suala la nidhamu.

Kuhusu binti huyo, kukosa usingizi na kushtuka katika wiki za mwanzo huwapata watu wengi na kwa walio wengi hupungua. Kwake imekwisha kupita miezi, kwa hiyo hapaswi kuachiwa apambane peke yake. Mtafute mkiwa wawili tu, nje ya ofisi yako. Muulize anaendeleaje na usingizi, chakula, na safari za basi, na kama kuna wakati anaona heri asingekuwepo. Swali hilo la mwisho liulizwe waziwazi; kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kisha apewe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, ikiwezekana katika kituo kingine, ili asikutane na faili lake mikononi mwa wenzake. Kwa sasa asipangwe usiku peke yake. Lakini usimwondoe dharura bila kumuuliza, kwa sababu wapo wanaoona kuondolewa kama hukumu.

Yule aliyeomba uhamisho naye mwite kabla barua haijapitishwa. Huenda anataka kuondoka kweli, na ni haki yake. Huenda pia anachotaka ni kuhakikishiwa kwamba usiku mwingine kama ule kutakuwa na mtu wa kumpokea asubuhi, na sasa unao ukurasa wa kumwonyesha, wenye majina ya kundi la pili na saa watakayofika.